Wageni katika ramani ya kale: Jamii mpya zinapoingia katika michezo ya ulimwengu wa kubuni

Mchezaji anapotaka kuwa Mwana wa Joka katika ulimwengu ambao kwa zaidi ya miaka 20 haukuwa na taifa la Wana wa Joka, swali la kwanza huwa ni hili: walikuwa wapi siku zote hizo?

Leo tunazungumzia mchezo, na mchezo wenyewe si kandanda wala bao. Huu unachezwa na watu wanne au watano walioketi kuizunguka meza, wakiwa na penseli, karatasi na dadu, nyingine zikiwa na pande 20. Mmoja wao ni msimulizi. Yeye hueleza kwamba mko mbele ya pango, usiku unaingia, na ndani mnasikia mtu akilia. Wenzake hujibu, kila mmoja kwa niaba ya mhusika aliyembuni mwenyewe, na dadu huamua kama tendo limefaulu au limeshindikana.

Wazazi wengi wanaoishi ughaibuni wamewaona watoto wao wakiucheza mchezo huu, na baadhi yao wameshuku kuwa ni uganga. Hawako peke yao, kwani katika miaka ya 1980 wapo wazazi nchini Marekani waliokuwa na hofu hiyo hiyo na wakaendesha kampeni dhidi yake. Ukweli ni kwamba mchezo huu ni ndugu wa karibu wa hadithi zetu za paukwa pakawa, ila hapa wanaosikiliza nao wana sauti katika mwenendo wa hadithi.

Mchezo ulioanzisha aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa mwaka 1974 na kampuni changa ya TSR, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu. Mchezaji aliweza kuchagua kuwa binadamu, au Mwelfi mwembamba wa msituni aishiye karne nyingi, au Mdwafu mfupi mwenye ndevu, mchimbaji wa migodi ya milimani, au Hobiti. Jina hili la mwisho lilitoka katika vitabu vya J.R.R. Tolkien, na baada ya wenye haki za vitabu hivyo kulalamika, wachapishaji waliliacha na kutumia jina lenye maana ya Watu-nusu.

Msikilizaji atauliza kwa nini tunasema Mwelfi na Mdwafu. Neno la kwanza, kama lingefuata mkondo wa kawaida wa kukopa maneno, lingekuwa elfu, na jeshi la elfu lingetuletea hesabu badala ya hadithi. Ama neno mbilikimo, ambalo wengi wangelitumia kwa hawa wafupi wa milimani, ni jina walilobandikwa watu halisi wa misitu ya Kongo. Haifai kulichukua jina la watu walio hai na kuwavika viumbe wa kubuni. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu ndilo linaloufanya mjadala wa leo kuwa zaidi ya mchezo.

Mlango ulioachwa wazi

Vijitabu vya mwaka 1974 vilikuwa na kifungu kimoja kifupi kilichosema kwamba hakuna sababu ya kumzuia mchezaji asiwe karibu kiumbe chochote anachokitaka, mradi aanze akiwa dhaifu na apande polepole. Hata joka liliruhusiwa, almuradi lianze likiwa changa. Lakini waandishi hao hao waliweka mipaka kwa wale waliowataja. Hobiti mpiganaji hakuweza kupita ngazi ya 4, na Mdwafu hakuweza kupita ngazi ya 6, ilhali binadamu hakuwa na kikomo. Gygax alifafanua msimamo wake katika mwongozo wa msimulizi wa mwaka 1979, akitetea ulimwengu ambao binadamu ndiye kitovu chake. Kama kila mtu atakuwa zimwi, hakutakuwa na wa kulishangaa zimwi.

Wachezaji hawakuridhika. Mwaka 1985 kilitoka kitabu cha nyongeza kilichowaruhusu kuwa hata Waelfi wa giza, yaani wale waishio chini ya ardhi ambao hadi hapo walikuwa maadui wa kutisha. Miaka mitatu baadaye mwandishi R.A. Salvatore alichapisha riwaya yenye mhusika mmoja wa jamii hiyo, Drizzt, aliyeukimbia ukatili wa kwao. Vijana walimpenda kupita kiasi, na wasimulizi wengi wakajikuta mezani na akina Drizzt wengine, wote wameukimbia ukatili wa kwao na wote ni wapweke.

Kuongeza jamii mpya kuna upande wa hesabu, nao tutaupitia upesi. Kila jamii huja na uwezo wake, na uwezo ukizidi huvuruga kazi ya msimulizi. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni ule wa watu-ndege walioruhusiwa mwaka 2015 kuruka tangu ngazi ya kwanza. Mto uliofurika, ukuta wa ngome, shimo lenye miiba chini, vyote ambavyo msimulizi alivipanga kwa jioni nzima, hupitwa kwa mapigo machache ya mbawa. Tatizo la namna hiyo hutibika kwa kupunguza namba. Tatizo la historia halitibiki hivyo.

Walikuwa wapi?

Ulimwengu wa kubuni ukishachapishwa hauwi tena mali ya mwandishi peke yake. Hakimiliki ni yake, lakini ramani yake imetandazwa juu ya meza nyingi katika nchi nyingi, na kila meza imeongeza vita vyake, ndoa zake na makaburi yake. Mchapishaji anapotangaza kwamba kuanzia leo kuna taifa jingine, huwa anawaambia watu hao wote kwamba wana jirani ambaye hawajapata kumwona. Lazima amweleze jirani huyo ametoka wapi.

Mfano mkubwa zaidi ni wa mwaka 2008. Kampuni ya Wizards of the Coast, iliyokuwa imeinunua TSR mwaka 1997, ilitoa toleo la nne la mchezo huo. Katika kitabu kikuu cha wachezaji waliwekwa Wana wa Joka, watu warefu wenye magamba wanaopumua moto au barafu, pamoja na watu wenye damu ya mashetani na pembe kichwani. Wanomi, jamii ya watu wadogo wapenda hila na uchawi waliokuwamo tangu miaka ya 1970, waliachwa nje ya kitabu hicho, wakarudishwa katika kitabu cha pili mwaka 2009. Kwa aliyekuwa akicheza Mnomi kwa miaka mingi, mwaka huo mmoja ulikuwa mrefu.

Sasa ikabidi Wana wa Joka wapate makao katika Forgotten Realms, ulimwengu uliobuniwa na Ed Greenwood na kuanza kuchapishwa na TSR kama ulimwengu wa mchezo mwaka 1987. Jibu lililochaguliwa lilikuwa maafa. Mungu wa kike wa uchawi aliuawa, moto wa rangi ya samawati ukaenea duniani, na sehemu za dunia pacha zikabadilishana mahali na sehemu za dunia hii. Nchi ya kale iitwayo Unther ilitoweka, na mahali pake ikaonekana Tymanther, nchi ya Wana wa Joka. Kisha kalenda ya hadithi ikasogezwa mbele kwa takriban karne moja.

Haki itendeke: maafa hayo hayakutungwa kwa ajili ya Wana wa Joka peke yao. Kanuni za uchawi nazo zilikuwa zimebadilika na zilihitaji maelezo. Lakini mtu aliyekuwa ametumia miaka 15 akicheza na marafiki zake katika nchi iliyofutwa hakuuliza sababu za kanuni. Aliona kwamba mji wake umeondolewa ili mgeni apate kiwanja. Wengi waliendelea kutumia vitabu vya zamani, na mnamo mwaka 2014, kwa toleo la tano, wachapishaji walitunga tukio jingine kubwa lililozitenganisha dunia hizo mbili na kurudisha mengi yaliyopotea, Unther ikiwa miongoni mwao. Wana wa Joka hawakufukuzwa. Kufikia hapo walikuwa na wapenzi wao, watoto waliouanza mchezo wakiwa Wana wa Joka na wasiojua kwamba kulikuwa na wakati hawakuwapo.

Njia hiyo ya maafa ina mvuto kwa sababu hujibu kila kitu kwa pigo moja. Kwa maoni ya mtayarishaji wa makala haya, ndiyo njia ghali kuliko zote, kwani gharama yake hulipwa na wale waliokuwa waaminifu zaidi.

Waandishi wa Dark Sun walipita njia nyingine. Huu ni ulimwengu wa jangwa uliotolewa mwaka 1991, ambamo maji ni machache, chuma ni adimu na wafalme ni wachawi. Toleo lake la mwaka 2010 nalo lilipaswa kuwapokea Wana wa Joka. Badala ya kuleta taifa kutoka mbinguni, waandishi walipekua maktaba yao wenyewe, na katika kitabu cha mwaka 1994 walimkuta mfalme mchawi aliyekufa lakini hajazikwa, akiwaumba chini ya mji ulioangamia watu wenye sura ya majoka. Basi mgeni akaambiwa kuwa yeye ndiye yule. Hakuna mlima uliohamishwa. Aliyekisoma kitabu cha zamani alifurahi kwa kukumbuka, na asiyekisoma hakuona mshono.

Wapo pia waliokataa kabisa. Ulimwengu wa Dragonlance, wa mwaka 1984, hauna Waorki, wale mashujaa wenye meno ya nje wanaopatikana karibu kila mahali pengine. Ukiwatia, unakuwa ulimwengu mwingine.

Na kumbukumbu ya wapenzi wa michezo hii haidanganyiki kirahisi. Mchezo wa kompyuta World of Warcraft ulipoongezwa jamii mbili mpya, katika toleo lililouzwa kuanzia Januari 2007, wachezaji walibaini kwamba asili iliyoelezwa ya jamii mojawapo, Wadraenei, ilipingana na maelezo ya kijitabu cha miaka ya nyuma cha kampuni hiyo hiyo kuhusu nani alimpotosha nani kati ya jitu la mbinguni na watu wake. Mwandishi mkuu, Chris Metzen, alikiri hadharani kwamba lilimpita.

Waliofuliwa kwa ajili ya vita

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Eberron. Mwaka 2002 Wizards of the Coast ilitangaza shindano la kutafuta ulimwengu mpya, yakaja mapendekezo zaidi ya 10,000, na lililoshinda lilikuwa la Keith Baker. Kitabu kilitoka mwaka 2004. Ndani yake kulikuwa na jamii ambayo haikuwa imepata kuonekana: watu waliofuliwa kwa chuma, mbao na mawe, wenye akili na hisia, wasiokula wala kulala.

Hawa hawaulizwi walikuwa wapi, kwa sababu jibu linajulikana na kila mtoto wa Eberron. Hawakuwapo. Mataifa yalipigana kwa zaidi ya miaka 100, na katika miongo ya mwisho ya vita hivyo ukoo wa mafundi uliwafua kama askari, ukawauza kwa yeyote aliyekuwa na fedha. Vita vikaisha, mkataba ukasainiwa, askari hao wakatangazwa kuwa watu huru, na ikapigwa marufuku kuwafua wengine. Hadithi inapoanza, amani ina umri wa miaka miwili, na mkubwa wao hajafikisha miaka 35.

Mchezaji anayemchagua mtu wa namna hiyo hapewi tu kifua cha chuma. Anapewa maswali. Je, mtu aliyetengenezwa ili aue afanye nini mchana wa amani? Jamii isiyozaa, na iliyokatazwa kufuliwa upya, ina kesho gani? Akiingia mgahawani, mwenye mgahawa aliyempoteza mwanawe vitani atamtazama vipi? Hapa historia na jamii vimezaliwa pamoja, na ukiwaondoa watu hao hadithi yote inapwaya.

Mtu wa Pwani au wa Ghuba huenda akavutiwa zaidi na Al-Qadim ya mwaka 1992, ulimwengu uliotungwa na Jeff Grubb kwa mtindo wa hadithi za Alfu Lela Ulela, wenye majini, jahazi na masoko ya miji ya bandari. Jamii zilikuwa zile zile za kale, Waelfi, Wadwafu, hata Waorki, lakini hazikugawiwa misitu na milima. Waliishi mtaa mmoja na binadamu, chini ya sheria moja, wakizungumza lugha moja, na mtu aliulizwa kwanza ni wa mji gani na ana heshima gani, ndipo masikio yake yakatazamwa. Kwa sisi tuliokulia katika miji ambamo babu wa mtu anaweza kuwa ametoka Hadhramaut, bibi yake Nyasa na mjomba wake Comoro, na bado akaitwa mtu wa Lamu, mpangilio huo hauhitaji maelezo marefu.

Historia yenye hatari

Kufikia hapa msikilizaji anaweza kudhani kwamba jamii mpya ikipewa historia, mambo yamekwisha. Mwaka 2022 ulionyesha vinginevyo.

Mwezi Agosti mwaka huo kilitoka kitabu kipya cha Spelljammer, ulimwengu wa merikebu zinazosafiri baina ya nyota, uliokuwapo tangu mwaka 1989. Miongoni mwa jamii za kuchagua walikuwamo Hadozi, watu wenye umbo la nyani na ngozi inayowawezesha kuelea hewani kama popo. Walikuwa wakijulikana tangu zamani kama mabaharia hodari, na safari hii waandishi waliona wawape asili. Wakaandika kwamba mchawi mmoja aliwakamata, akawanywesha dawa iliyowapa akili na maumbo makubwa, akakusudia kuwauza kama jeshi la watumwa. Dawa hiyo, ikasimuliwa, iliwafanya pia wastahimili zaidi wanapoumizwa. Hatimaye wanafunzi wa mchawi waliwaonea huruma na kuwakomboa.

Wachezaji weusi wa Marekani waliisoma mistari hiyo na kuona jambo wanalolijua. Watu kufananishwa na nyani, kudaiwa kuwa hawaumii kama wengine, kupata akili kutoka kwa bwana na uhuru kutoka kwa marafiki wa bwana: yote hayo yaliwahi kusemwa juu ya mababu zao, na wenye mashamba waliyasema kwa dhati. Picha mojawapo katika kitabu ilikumbusha maigizo ya karne ya 19, ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni kuwadhihaki Waafrika. Nasi tunaotoka katika mwambao ambao soko lake la watumwa, la Zanzibar, lilifungwa mwaka 1873, hatuhitaji kufasiriwa.

Tarehe 2 Septemba 2022 kampuni iliomba radhi, ikaiondoa hadithi hiyo katika nakala za kompyuta na kuahidi kutoirudia katika chapa zitakazofuata. Novemba mwaka huo ikatangaza utaratibu mpya wa kuwashirikisha washauri wa nje katika kupitia maandishi yake. Wapo walioona kwamba hayo ni makuzi, kwani nyani wa kubuni ni nyani wa kubuni. Hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama waandishi wangebuni kweli. Walichofanya ni kuazima historia ya watu halisi bila kutazama ni ya nani.

Mjadala huo ulikuwa umeanza kabla. Mwezi Juni 2020, katika wiki zile za maandamano baada ya George Floyd kuuawa, kampuni ilitamka kwamba haitawaeleza tena Waorki na Waelfi wa giza kama watu waovu kwa kuzaliwa. Mwaka huo huo kanuni mpya ziliwaruhusu wachezaji kuhamisha nguvu na akili ambazo awali ziligawiwa kwa kufuata jamii ya mtu. Na mwaka 2024, kitabu kipya cha wachezaji kiliacha neno la Kiingereza lililotumika kwa miaka 50, lile lile linalotumika katika kuzungumzia ubaguzi wa rangi, kikachukua neno la wanabiolojia ambalo sisi tumelikopa kama spishi. Kitabu hicho kina spishi 10, na Waorki na Wana wa Joka wote wamo.

Kiswahili kina shida yake hapa. Rangi haifai, kwani Mwelfi hatambulikani kwa rangi. Mbari ni ukoo. Spishi ina harufu ya maabara. Neno ambalo kijana wa Nairobi au Dar es Salaam angelitamka bila kufikiri ni kabila, na kwa kweli ndilo lililo karibu zaidi na maana ya wachezaji: watu wa kule ni wakali, watu wa huku ni wachoyo, wale wengine wana bidii ya kazi. Nimelikwepa kwa sababu hiyo hiyo.

Si kila jamii iliyobeba sifa mbaya hubaki nayo. Katika mchezo wa Pathfinder, Wagoblini waliingia mwaka 2007 kama wachomaji wa miji, wenye vichwa vikubwa na hofu ya maandishi, kwani waliamini kwamba kuandika neno ni kuliiba kutoka kichwani. Walichekesha mno. Mwaka 2011 ikatolewa bure hadithi fupi iliyowaruhusu wachezaji kuwa Wagoblini kwa jioni moja, na mwaka 2019 toleo la pili la mchezo likawaweka miongoni mwa jamii za msingi. Malalamiko yalikuwa mengi, na yalikuwa na haki yake: meza iliyozika wanakijiji waliochomwa na Wagoblini itampokeaje mmoja wao kama rafiki wa safari? Wasimulizi wengi waligundua kwamba swali hilo lenyewe lilitosha kuwa hadithi ya miezi sita.

Mchezo huo huo una eneo la misitu na savana liitwalo Mwangi. Ndiyo, msikilizaji wa Murang'a, umesikia sawasawa, na misitu hiyo haina uhusiano wowote na mashamba ya chai. Kitabu cha mwaka 2010 kililieleza eneo hilo zaidi kwa macho ya wapelelezi na wafanyabiashara wa kutoka nje. Mwaka 2021 kilitoka kitabu kingine, na miongoni mwa waandishi wake walikuwamo wengi wenye asili ya Afrika. Jina la Mwangi lilibaki, lakini miji ilipata wenyewe, na zikaongezwa jamii kadhaa za kuchagua. Wanadi ni buibui wapole waliojifunza kujigeuza binadamu kwa sababu kila walipojaribu kuwasalimu majirani, majirani walipiga mayowe. Wagoloma wana macho mengi, mengine kisogoni, kama wanyama wanaowindwa, na huwatisha wengine ili wasikaribiwe. Walikuwa wapi siku zote? Walikuwa pale pale, wamejificha, wakitutazama sisi ambao macho yetu yote mawili yameelekea mbele kama ya simba.